Njia Isiyotokea: Historia Fupi ya Mitaa ya Dar es Salaam

Miaka michache iliyopita tulimzika jirani yetu wa Goba, mzee mstaafu aliyehamia huko wakati eneo lile lilipokuwa bado mashamba ya mikorosho. Gari la kubebea maiti lilisimama dukani, mita kama mia tatu kutoka nyumbani kwake, kwa kuwa hapo ndipo njia ya gari ilipoishia. Vijana wakalichukua jeneza mabegani. Kona ya kwanza wakapita. Kona ya pili, kati ya kuta mbili za matofali, jeneza halikuweza kugeuka. Baada ya mashauriano ya kunong'onezana, likainuliwa juu ya ukuta wa jirani na kupokelewa upande wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyekiuza kipande kilichoziba njia ile.

Siyasimulii haya ili kumlaumu marehemu. Alifanya walichofanya maelfu ya watu, na kwa sababu zinazoeleweka, ambazo nitazieleza. Nayasimulia kwa sababu tumezoea kuuzungumzia msongamano wa Dar es Salaam kana kwamba ulianza jana, kana kwamba dawa yake ni barabara ya juu moja zaidi au mabasi mia moja mengine. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya jiji hili iliamuliwa siku mitaa yake ilipochorwa, au siku ilipoachwa bila kuchorwa; na kwamba hivi sasa, kwa jina jema la urasimishaji, tunaamua mitaa ya miaka mia moja ijayo bila kuujadili uamuzi huo kwa uzito unaostahili.

Mtaa una ukaidi ambao jengo halina. Ichukulie Barabara ya Samora. Wajerumani waliipanda miti na kuiita Unter den Akazien. Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ikachukua jina la Samora Machel. Nyumba zake zimebomolewa na kujengwa upya, wenyewe wamebadilika, tawala zimepita, lakini mstari wa barabara uko palepale. Ukishagawa viwanja pande mbili za njia na kumpa kila mtu haki yake, kuisogeza njia hiyo huwa kazi ya kisiasa, ya kisheria na ya fedha ambayo serikali chache huithubutu.

Wataalamu wa miji wana namna rahisi ya kuupima mtandao wa mitaa. Unahesabu njia panda na kutazama kila moja ina matawi mangapi. Penye njia panda nyingi zenye matawi manne, mtu ana njia kadhaa za kufika aendako. Penye njia nyingi zisizotokea, watu wote husukumwa kwenye barabara moja kubwa, hata yule anayekwenda nyumba ya tatu nyuma ya kwake. Watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walitumia kipimo cha namna hii kuichunguza Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Waligundua kwamba mitaa mipya ya huko ilizidi kukatikakatika kwa miongo mingi hadi katikati ya miaka ya 1990, ndipo ikaanza kurejea kwenye kuungana. Mwaka 2020 wakaitazama dunia nzima, na picha ikawa mbaya zaidi: tangu miaka ya 1975 hivi, mitaa mipya katika sehemu nyingi za dunia imezidi kupoteza miunganiko. Jambo lililonigusa zaidi katika kazi yao ni hili, kwamba mitaa iliyojengwa ikiwa imekatika hubaki imekatika.

Upana wa mtaa na muunganiko wake ni mambo mawili tofauti. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja ni vyembamba, vingine havipitishi mkokoteni, lakini vimeungana sana. Ukipotea humo, tembea tu; utatokea mahali. Kitongoji cha kisasa chenye barabara pana ya lami na geti moja kinaweza kuwa kimefungwa kuliko kichochoro chochote cha Unguja.

Sasa turudi Dar es Salaam. Sultani Majid bin Said alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kabla mji haujasimama. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya majengo. Hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Ukishasema kwamba eneo fulani ni la majengo ya mawe ya mtindo wa Ulaya, umekwisha kusema nani atakaa hapo. Waingereza nao walitumia ujanja huohuo mwaka 1924 walipoweka kanda tatu. Wenyeji, ambao hawakuhitaji kufichaficha, waliziita kwa majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Kariakoo inastahili tuiangalie kwa utulivu. Ilikuwa shamba, mwaka 1914 serikali ya Kijerumani ililinunua kwa nia ya kuwahamishia Waafrika huko, vita vikaingilia kati. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walipiga kambi hapo, na jina lao likatamkwa kwa ulimi wa Pwani hadi likawa Kariakoo. Baada ya vita eneo likachorwa kwa mistari iliyonyooka na kukatana: Swahili, Kongo, Sikukuu, Nyamwezi, Likoma, Narung'ombe. Mpangilio ule haukutokana na mapenzi. Mistari iliyonyooka ni rahisi kuhesabia nyumba, kukusanyia kodi na kupitishia askari wa doria. Kati ya Kariakoo na Uhindini ukaachwa ukanda mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya, ili Waafrika na maradhi waliyodhaniwa kuwa nayo wakae mbali.

Hivyo serikali moja, katika mji mmoja, ilifanya mambo mawili yanayopingana: ndani ya Uswahilini iliunganisha kila mtaa na mwenzake, na pembezoni mwa Uswahilini ilikata. Historia haikuyafuata matakwa ya wachoraji. Mitaa ile iliyonyooka iliwafaa askari, lakini iliwafaa zaidi wachuuzi, vyama vya ngoma, vilabu vya mpira, na hatimaye siasa. Chama cha TANU kilichoanzishwa Julai 1954 kilikuwa na makao yake katika mtaa ulioitwa New Street, leo Lumumba, ukingoni kabisa mwa ukanda ule wa kutenganishia watu. Na leo, ambapo nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimegeuka maghorofa, Kariakoo ndiyo soko la nusu ya Afrika Mashariki na Kati. Watu wanakuja kutoka Lubumbashi na Lilongwe kununua bidhaa. Mitaa ya miaka ya 1920 inalalamika, lakini inabeba. Sijui kitongoji kingine cha jiji hili ambacho kingeweza kuubeba mzigo huo bila kuziba kabisa.

Upande wa pili wa mji, Oyster Bay, Waingereza walichora kinyume chake: viwanja vikubwa, barabara zinazopinda, milango michache ya kuingilia. Hapo kukatika kwa mitaa kulikuwa anasa, kwa maana mpita njia asiyehusika hakutakiwa. Baada ya uhuru viongozi wetu waliingia katika nyumba hizo na hawakuona sababu ya kuibadili michoro yake. Nasema hili bila uchungu mwingi. Nani angeomba njia ya watu wote ipite kando ya bustani yake?

Jiografia nayo haikutusaidia. Bonde la Msimbazi linaukata mji kutoka Pugu hadi baharini, na reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, inaukata kwa upande mwingine. Kila panapovukika pamekuwa koo la jiji. Mvua za Desemba 2011 zilipolifurisha bonde, Jangwani ilizama na watu wakafa. Kwenye mdomo wa Msimbazi, Daraja la Selander lilitumika peke yake tangu enzi za Mwingereza hadi Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022. Ukitazama ramani utaona mji wenye umbo la mkono uliofunuliwa: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa ni vidole, na kati ya kidole na kidole njia za kuvukia ni chache. Barabara ya Mandela na ile ya Sam Nujoma ndizo zilizojaribu kuviunganisha vidole hivyo.

Mpango Mkuu wa 1949 uliandaliwa na kampuni ya Alexander Gibb ya Uingereza. Wa 1968 na wa 1979 uliandaliwa na kampuni za Kanada. Baada ya hapo, jiji lililokuwa likikua kwa kasi kuliko wakati wowote liliendelea kwa zaidi ya miongo mitatu bila mpango mkuu mpya, hadi ulipoandaliwa ule wa 2016 hadi 2036. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 843,000 katika sensa ya 1978. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541, ongezeko la zaidi ya mara tano, na ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Katikati ya ongezeko hilo la kutisha, aliyekuwa akichora mitaa ni nani?

Kabla ya kujibu, tuutazame mradi mmoja wa wakati wa Mwalimu ambao haujapewa heshima yake. Mwaka 1972 serikali iliachana na sera ya kubomoa makazi duni, na katikati ya muongo ule, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikaanza mradi wa viwanja na huduma. Mradi ulikuwa na sura mbili. Sura ya kwanza ilikuwa kupima ardhi tupu, kuchora njia, kuweka huduma za msingi, kisha kuwagawia watu viwanja wajijengee wenyewe: ndiyo Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Sura ya pili ilikuwa kuingiza barabara na maji katika maeneo ambayo watu walikuwa wamekwisha kujenga: ndiyo Manzese, na baadaye Mtoni na Tandika. Nia ya sura zote mbili ilikuwa njema, na gharama ilikuwa ya kweli.

Miaka arobaini baadaye Guy Michaels na wenzake walilinganisha maeneo ya namna zote mbili katika miji kadhaa ya Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021. Maeneo yaliyochorwa kabla ya watu kuingia yalikuwa na nyumba bora na mpangilio ulionyooka, na ardhi yake ilikuwa na thamani kubwa zaidi. Yale yaliyoboreshwa baada ya watu kuingia hayakuonyesha tofauti ya maana na maeneo ambayo hayakuguswa na mradi wowote. Msomaji asiyetaka kusoma majedwali ya wachumi anaweza kupanda daladala. Ashuke Sinza, atembee mitaa kumi, kisha avuke Barabara ya Morogoro aingie Manzese. Watu ni walewale, wana bidii ileile. Sinza wauzaji wa chipsi, saluni, zahanati na baa vimekaa ndani kabisa ya mitaa kwa sababu mteja anafika. Manzese biashara zimejibana barabarani, na ndani kuna nyumba tu.

Nadhani somo hilo lilijulikana hata wakati ule. Lakini serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978 zikiwa hoi. Uchumi ulianguka mwishoni mwa muongo ule. Fedha za kupima viwanja hazikuwapo, na foleni ya waombaji ikawa ndefu kuliko maisha ya mtumishi wa kawaida.

Ndipo wachoraji wapya wa mitaa walipojitokeza, nao ni wenye mashamba. Hapa ndipo penye kiini cha kisa cha jirani yangu. Ardhi yetu ni ya umma. Hati za umilikaji wa moja kwa moja zilifutwa mwaka 1963. Kwa miaka mingi mwenye shamba pembezoni mwa jiji alijua kwamba serikali ikilitaka shamba lake kwa ajili ya viwanja, atalipwa thamani ya mikorosho na kibanda, wala si thamani ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikiri kwamba ardhi ina thamani, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuota mizizi, na fidia zilizocheleweshwa ziliimwagilia. Basi mwenye shamba mwenye akili alifanya nini? Aliuza mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa hatua: ishirini kwa ishirini mwaka huu kwa ajili ya ada ya mtoto, kumi na tano kwa ishirini mwaka ujao kwa ajili ya ugonjwa. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, mashahidi wakatia saini, mpaka ukawekwa kwa mnyaa au mti wa mkaratusi. Njia ikawa ni kile kilichosalia baada ya kuuza. Na kwa kuwa kila hatua ya njia ni hatua isiyouzika, kilichosalia kilizidi kupungua.

Ndivyo zilivyochorwa Kimara, Goba, Mbezi, Kivule, Chanika na sehemu kubwa ya Mbagala. Wataalamu hukadiria kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi katika maeneo ambayo hayakupangwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulijaribu kurudisha njia ya Sinza huko Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na Buyuni. Ulifaa, lakini uliwafaa zaidi wenye fedha za kungoja, na viwanja vingi vilikaa vichaka miaka mingi huku mji halisi ukijijenga kando yake.

Kuna jambo moja ambalo takwimu haziwezi kulionyesha vizuri. Maeneo haya hayakuanza yakiwa yamefungwa. Mtu aliyefika Goba mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipita popote. Nyumba zilikuwa chache, na uani kwa fulani palikuwa njia ya kwenda kisimani. Muunganiko wa miguu ulikuwa mkubwa kuliko wa Oyster Bay. Uliuawa na ukuta. Kadiri kipato kilivyopanda na wizi ulivyoongezeka, kila mwenye nyumba alizungushia kiwanja chake matofali na geti la chuma, na kila ukuta ulimeza kijia. Hakuna aliyevunja sheria, kwa sababu vijia vile havikuwa katika ramani yoyote. Vijana wa mradi wa Ramani Huria, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, walipoanza kuzichora kata za jiji mwaka 2015, walikuwa wanaandika njia ambazo baadhi yake zingekuwa zimezibwa mwaka uliofuata.

Bodaboda ni mtoto wa mitaa hii. Watunga sera wengi humwona kama tatizo la usalama barabarani na ajira ya vijana, na hawakosei, lakini hawajiulizi kwa nini amestawi hivyo. Mabasi yaendayo haraka yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yanakushusha haraka kwenye barabara kuu. Kutoka hapo hadi mlangoni kwako ni kilomita mbili za njia zinazozunguka, ambazo ndege angezipita kwa mita mia sita. Tofauti hiyo inalipwa kila siku, shilingi elfu moja kwenda na elfu moja kurudi, na wanaoilipa ni wale ambao ramani haikuwafikiria. Gari la zimamoto na gari la wagonjwa hayana bodaboda.

Sasa umekuja urasimishaji. Wapimaji wanaingia mitaani, wanachora kila kiwanja kilivyo, wananchi wanachangia gharama, na mwisho kila mtu anapata hati. Siupingi. Hati inamlinda mjane dhidi ya shemeji, na inampa mtu sauti anapofika kwa wakubwa. Lakini watumishi wa ardhi wanaosoma ukurasa huu wanajua kinachotokea kwenye mikutano ya mitaa. Mchoro wa kwanza unaonyesha njia ya mita sita. Watu wananung'unika. Unarudi ukiwa na mita nne, kisha tatu, na mahali pengine njia inaishia ukutani kwa mtu asiyetaka kuhojiwa. Mpimaji analipwa kwa idadi ya viwanja, halipwi kwa njia zilizotokea. Kisha hati zinatolewa kwa miaka mingi, na kile kilichokuwa makosa ya mauziano ya mkononi kinakuwa mpaka wa kisheria. Kuanzia siku hiyo, kuifungua njia kutahitaji kutwaa ardhi, kuthamini na kulipa fidia kamili, jambo ambalo halmashauri zetu zimeshindwa hata kwenye barabara kubwa.

Utaratibu ungeweza kugeuzwa: mtaa mzima ukubaliane kwanza njia zipi lazima zitokee, hasara ya kila aliyepunguziwa ardhi ichangiwe na wote walioongezewa thamani, halafu ndipo hati ziandikwe. Kufanya hivyo kunachukua muda na kunahitaji mtumishi mwenye subira ya kukaa na watu jioni nyingi. Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza kama hilo linawezekana kisiasa. Huwajibu kwamba fedha ya ukuta mmoja ni ndogo kuliko fedha ya bodaboda ya mtaa mzima kwa mwaka, na kuwaachia hesabu waifanye wenyewe.

Mwaka jana wapimaji walifika Goba. Kwenye mkutano, mjane wa jirani yetu alisimama na kusema yuko tayari kutoa hatua mbili upande wake, ili gari liweze kukunja kona. Mwenye ukuta aliuliza nani atalipa gharama ya kuuvunja na kuujenga upya. Mwenyekiti alimtazama mpimaji, mpimaji akalitazama daftari lake na kusema jambo hilo haliko katika mkataba. Mvua ikaanza kunyesha, mkutano ukaahirishwa. Wiki iliyofuata bikoni zilipigwa, na mojawapo iko chini ya ukuta uleule tuliopitishia jeneza.